Foleni ya Nyama Katika Mtaa Usio na Furaha



Juma hili tulipata nafasi ya kutazama filamu iliyokwisha kutimiza miaka mia moja. Jina lake la Kijerumani ni Die freudlose Gasse, yaani Mtaa Usio na Furaha. Iliongozwa na G. W. Pabst na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Mei 1925. Ni filamu bubu: hatusikii sauti ya mtu yeyote, bali tunasoma maandishi yanayokatiza picha, huku muziki ukipita chini yake. Wengi wanaoitafuta siku hizi huitafuta kwa sababu moja tu. Ndani yake yumo binti wa Kiswidi mwenye umri wa miaka 19, ambaye mwaka huohuo alivuka bahari kwenda Marekani, na baada ya muda mfupi ulimwengu mzima ukamjua kwa jina la Greta Garbo. Rai yetu ni kwamba sababu hiyo ni nyembamba mno, na kwamba imewahi kuidhuru filamu yenyewe kwa mkasi, kama tutakavyoeleza.

Tunajua kwamba filamu za namna hii zina wadharau wake. Huitwa melodrama, na wanaoitumia lugha hiyo humaanisha mchezo wa kuliza watu, wenye mabinti wema mno, wanaume waovu mno, wazazi wanaoanguka kitini kwa huzuni na mikono inayopelekwa kifuani. Yote hayo yamo. Kuna nyakati mtazamaji wa leo atacheka mahali ambapo mwongozaji alikusudia alie. Lakini tungependa kumwomba msomaji asiifunge filamu hii haraka, kwa kuwa chini ya machozi hayo mna jambo ambalo watu wa Ulaya walikuwa wameliona kwa macho yao miaka michache tu kabla ya kamera kuwashwa.

Kisa kimewekwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1921. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha mwaka 1918, himaya kubwa ilikuwa imevunjika, na mji uliozoea kulishwa na nchi nyingi ulijikuta ukiwa kichwa kikubwa juu ya mwili mdogo. Fedha ilikuwa ikiyeyuka. Kabla ya vita dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa kroni tano hivi; kufikia Agosti 1922 ilihitajika zaidi ya kroni 80,000. Mtu aliyeweka akiba maisha yake yote aliamka na kukuta kwamba akiba ile hainunui hata mkate. Waliofaidika walikuwa wenye madeni, wenye fedha za kigeni, na walanguzi. Waliokufa kwa njaa ya aibu, ile ambayo haitoki nje kuomba, walikuwa makarani, waalimu, wajane wa maofisa na wastaafu wa serikali.

Na hapa sisi mapadre hatuna budi kusimama kidogo, maana aliyekuja kuizuia hali hiyo alikuwa mwenzetu katika daraja takatifu. Monsinyori Ignaz Seipel, padre na mwalimu wa teolojia ya maadili, alikuwa Chansela wa Austria tangu Mei 1922. Yeye ndiye aliyezunguka miji mikuu ya jirani akitafuta msaada, na Oktoba mwaka ule akatia sahihi huko Geneva mapatano ya mkopo chini ya Shirikisho la Mataifa. Kroni ikasimama, na baadaye ikaja shilingi ya Austria, moja kwa kroni 10,000. Lakini gharama ya kuisimamisha ilikuwa kubwa: maelfu ya watumishi wa serikali waliachishwa kazi. Historia imemhesabia Seipel yote mawili, wokovu wa fedha na ugumu wa moyo. Baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji wa Vienna mwezi Julai 1927, wakafa watu 89, wapinzani wake walimwita prelati asiye na huruma. Hatuandiki haya ili tumhukumu marehemu. Tunayaandika kwa sababu filamu tunayoizungumzia imejaa watu ambao hesabu za aina hiyo huwapitia juu ya vichwa.

Sasa tuingie mtaani. Mtaa wa Melchior ni mfupi, una giza, na karibu kila kitu ndani yake kinazunguka maduka mawili. La kwanza ni bucha. La pili ni duka la nguo za kike la Bibi Greifer, ambalo mbele lina vitambaa na nyuma lina chumba cha starehe ambamo mabinti wa mtaa huuzwa kwa matajiri. Pabst hakuyatenganisha maduka haya mawili. Anatupeleka kutoka moja hadi jingine na kurudi, mpaka tunaelewa kwamba biashara ni ileile.

Foleni ya nyama inaanza usiku. Wanawake wamejipanga ukutani, wengine wamekaa chini, wengine wanasinzia wima, na polisi wanatembea kando yao ili kulinda utulivu. Asubuhi mlango unafunguliwa. Mwenye bucha, anayeigizwa na Werner Krauss, anatokea na mbwa wake mkubwa, masharubu yamepakwa mafuta, na anawatazama wanawake wale kama anavyotazama ng'ombe mnadani. Nyama inawafikia wachache, kisha anatangaza kwamba imekwisha. Haijakwisha. Imo ndani, na aliye kijana na mwenye sura ya kupendeza anaweza kuipata kwa kupita mlango wa nyuma. Binti wa Kiswidi tuliyemtaja, ambaye katika kisa anaitwa Greta Rumfort, anasimama usiku kucha na kuzirai kabla ya kufika mbele. Anapozinduka, nafasi yake imekwenda.

Tulilitazama tukio hili mara tatu. Halina maneno mengi, wala hakuna anayepigwa. Mwenye bucha hajamlazimisha mtu. Angeshtakiwa, angesema, na ingekuwa kweli, kwamba kila mwanamke aliyeingia nyuma aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Nguvu yake yote iko katika jambo moja: anacho kitu ambacho mwingine hana budi kukipata leo, na hakuna anayemwuliza anakigawaje. Sheria ya nchi yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na ni vizuri. Hata hivyo, msomaji anajua pia kwamba anayeomba kazi, alama za mtihani au kitanda hospitalini mara nyingi husimama mbele ya mtu anayefanana sana na yule mwenye masharubu, na kwamba watu walioko nyuma yake katika foleni humwuliza yeye, wala si mwenye bucha, kwa nini alikubali.

Baba yake Greta ni diwani wa serikali, mzee mwenye heshima na suti iliyochakaa. Ofisi inawapa wazee wachague: anayestaafu mapema atalipwa fedha zake zote kwa mkupuo. Mzee Rumfort anafurahi. Anachukua mkupuo ule na kununua hisa za machimbo ya makaa ya mawe, kwa kuwa amesikia zitapanda. Hajui kwamba matajiri wachache, katika hoteli ya kifahari, wamekwisha kupanga kuziangusha hisa hizohizo kwa kueneza uvumi, ili wazinunue kwa bei ya kutupwa. Wastaafu wa kwetu, ambao wamejadili kikotoo cha mafao kwa miaka kadhaa sasa, hawatahitaji kuelezwa uchungu wa sehemu hii. Wamo miongoni mwao waliochukua kiinua mgongo na kukikabidhi kwa mtu aliyewaahidi kwamba fedha itazaa, na baada ya miezi michache simu yake haikupatikana tena.

Kabla habari ya hasara haijafika, mzee anaona kwamba sasa wao ni matajiri, naye anataka binti yake avae vizuri. Greta anakwenda kwa Bibi Greifer na kurudi na koti la manyoya. Koti hili ndilo tunaloliona kuwa ufundi mkubwa kuliko wote katika hadithi. Kesho yake anakwenda nalo ofisini, na mkuu wake wa kazi, ambaye mpaka jana alikuwa akimwona kama karani fukara, anabadilika macho. Kwa hesabu zake, binti maskini mwenye koti kama lile amekwisha kumpata mwanamume wa kumlipia. Basi kwa nini asiwe yeye? Greta anakimbia na kuiacha kazi. Kitu kilichonunuliwa kwa upendo wa baba kimekuwa kibandiko cha bei mgongoni mwa mwanawe.

Ni katika matukio hayo ndipo mtu anapoona kwa nini binti yule alikuja kuwa nyota. Hafanyi mengi. Waigizaji wenzake wa siku zile walitumia mabega na mikono; yeye hutumia kope. Anapolihisi koti lile la manyoya shavuni mwake kwa mara ya kwanza, furaha inapanda usoni na kufuatwa mara moja na hofu, na vyote viwili vinakaa pamoja kwa muda mfupi sana. Husimuliwa kwamba alikuwa na woga mwingi mbele ya kamera hata uso ukawa unamtetemeka, na kwamba Pabst alihangaika na namna ya kumpiga picha ili mtetemeko huo usionekane. Hatuoni ajabu. Mtoto huyu, jina lake la nyumbani Gustafsson, alizaliwa mwaka 1905 katika mtaa wa wafanyakazi mjini Stockholm. Baba yake, kibarua, alifariki mwaka 1920 naye akiwa na miaka 14. Alifanya kazi kwa kinyozi, akiwapaka wateja povu la sabuni kabla ya kunyolewa, kisha akawa mwuzaji katika duka kubwa la mjini, na ndipo alipopata nafasi katika shule ya uigizaji. Alipovaa nguo za Greta Rumfort umaskini haukuwa somo alilosomea vitabuni.

Lakini mwaka 1925 yeye hakuwa sababu ya mtu kununua tiketi. Nyota wa filamu ile alikuwa Asta Nielsen, Mdenishi, aliyejulikana Ulaya nzima tangu mwaka 1910. Nielsen, akiwa na umri wa miaka 43, anaigiza msichana Maria Lechner. Umri unaonekana, tusidanganyane, na mwanzoni tulisumbuka. Baada ya nusu saa tulikuwa tumesahau.

Maria anaishi chini ya ardhi, katika chumba ambacho madirisha yake yanatazama miguu ya wapita njia. Mama yake ni dobi. Baba yake ni mtu wa kupiga. Anampenda karani wa benki, kijana mwenye tamaa anayetafuta kupanda kupitia wanawake wenye mali, na kwa ajili ya kumpatia fedha kijana huyo Maria anakwenda kwa Bibi Greifer. Hakwenda kwa ajili ya nyama wala koti. Kutoka hapo njia yake ni ya kushuka tu: anajiuza kwa mlanguzi, anamwona mpenzi wake na mwanamke mwingine, anamwua mwanamke huyo, na kisha anamsingizia mpenzi wake mauaji. Baada ya hapo Nielsen anaigiza kana kwamba uhai umemtoka mwilini. Amepambwa kwa vito, amekaa wima, na macho yake hayaangalii kitu.

Tunawaweka mabinti hawa wawili mmoja kando ya mwingine kwa sababu filamu yenyewe imewaweka hivyo, na kwa sababu tumesikia watu wema wakiizungumzia filamu hii kana kwamba inafundisha kwamba Greta aliokoka kwa kuwa alikuwa na msimamo na Maria akapotea kwa kuwa hakuwa nao. Tazameni tena. Greta, baada ya kukosa kazi na kuzama katika deni, anapelekwa kwenye chumba kilekile cha nyuma ya duka la Bibi Greifer. Amevalishwa. Anasukumwa mbele ya wageni. Yupo hatua moja tu kutoka pale alipo Maria, na nguvu zake zimekwisha. Kinachomwokoa ni kwamba Luteni Davis, Mmarekani wa Msalaba Mwekundu aliyewahi kupanga chumba nyumbani kwao, anatokea usiku huohuo. Naye kwanza anamdhania mabaya na kumpa kisogo, mpaka baba yake Greta anapoingia na ukweli ukajulikana. Dakika kumi baadaye tungekuwa na Maria wawili.

Ndiyo maana mwisho wa sehemu ya Greta hautupendezi, na katika hili tunatofautiana na Pabst. Ni kweli kwamba Wamarekani walilisha watoto wa Austria baada ya vita. Misaada iliyosimamiwa na Herbert Hoover ilifika Vienna tangu mwaka 1919, na nyama ya kopo tunayoiona mikononi mwa askari katika filamu ilikuwa kitu halisi. Lakini ni jambo moja kumshukuru mgeni aliyeleta chakula, na ni jambo jingine kuufanya ujio wake kuwa jibu la swali lililoulizwa na foleni nzima. Luteni mmoja anaweza kuoa binti mmoja. Na tuseme wazi kwamba aliyeokolewa ni binti wa diwani, aliyefundwa kuketi na kuzungumza sebuleni. Binti wa dobi hakupelekewa luteni. Hadithi za kuliza zina tabia hii kila mahali, hata hizi zinazotoka sasa katika luninga zetu: huonyesha shida ya watu wote, kisha humtoa mtu mmoja na kuomba tufurahi.

Pabst mwenyewe, tunadhani, aliliona jambo hilo, kwa maana hakuifunga filamu kwa busu. Kando ya Greta na luteni wake kuna mwanamke mwingine, mke wa mtu asiye na kazi, mwenye mtoto mchanga, anayelala katika banda la farasi. Anarudi buchani kuomba nyama, anakataliwa, na mwenye bucha anauawa humohumo. Nje, watu wa mtaa wanasikia muziki ukitoka katika nyumba ya Bibi Greifer na kuanza kurusha mawe madirishani. Hatuwasifu wauaji wala warusha mawe. Tunasema tu kwamba aliyepanga matukio haya alijua kuwa foleni haimalizwi na harusi.

Sasa habari ya mkasi. Filamu ilipopelekwa nchi mbalimbali ilikatwakatwa.  Kisha Garbo akawa maarufu huko Hollywood, na wafanyabiashara wakaona faida ya kuionyesha filamu hii upya kama filamu yake. Katika nakala iliyoonyeshwa Marekani sehemu za Asta Nielsen zilipunguzwa mno, ili nyota mpya asiwe na mshindani. Fikirini walichobaki nacho: binti mrembo, baba aliyefilisika, askari mwema, harusi. Maria Lechner na chumba chake cha chini ya ardhi waliondolewa kwa sababu jina la aliyemwigiza lilikuwa halivutii tena tiketi. Hii ndiyo maana tulisema mwanzoni kwamba kuitazama filamu kwa ajili ya nyota ni sababu nyembamba. Anayekaa akingojea Garbo atokee, na kusogeza mbele kila asipokuwepo, anafanya kwa kidole kazi ileile ya mkasi.

Liko jambo jingine linalohusu watu wa Kanisa. Kisa kilitoka katika riwaya ya Hugo Bettauer, mwandishi wa Vienna mwenye asili ya Kiyahudi. Gazeti lake la kila juma, lililoandika bila kificho juu ya ndoa na maisha ya wanawake, lilimletea uadui mkubwa kutoka kwa wanasiasa waliojiita watetezi wa maadili ya Kikristo, chama cha Seipel kikiwamo. Alishtakiwa mahakamani, akaachiliwa. Mwezi Machi 1925 kijana aliyekuwa na uhusiano na Wanazi aliingia ofisini kwake na kumpiga risasi. Bettauer akafa siku kadhaa baadaye, majuma machache kabla filamu haijaonyeshwa Berlin. Mwuaji alihesabiwa kuwa mgonjwa wa akili na kuachiwa huru baada ya muda usiotimia miaka mitatu. Mengi aliyoyaandika Bettauer hatuyakubali, na tungeyapinga leo. Lakini tunajiuliza iwapo waliomlaani kwa maneno makali katika majukwaa ya mwaka 1924 waliwahi kuifikiria bucha ya Mtaa wa Melchior kwa hasira inayolingana na ile.

Kwa wale watakaopenda kuitazama, yako mambo machache ya kuzingatia. Si filamu ya watoto. Msiitazame usiku mkiwa mmechoka, kwani mwendo wake ni wa polepole na nyuzi za hadithi ni nyingi. Itawachukua nusu saa ya kwanza kuwatambua watu. Kabla hamjaanza, angalieni urefu wake. Ikiwa inakwisha kwa saa moja na dakika chache, hiyo ni mojawapo ya zile zilizokatwa, na jalada lake bila shaka litakuwa na uso wa Garbo. Katika miaka ya 1990 Jumba la Makumbusho ya Filamu la Munich lilikusanya vipande kutoka nakala mbalimbali zilizobaki katika nchi kadhaa na kuirudisha karibu na umbo lake la kwanza. Hiyo ina kama dakika 150. Katika hiyo Maria yumo, na kuelekea mwisho anakwenda polisi kwa hiari yake, akasema aliyeua ni yeye, na kijana aliyemsaliti akafunguliwa.